Hodi ya Kisigino

1

Bibi Atuganile alifika Jumatano saa mbili asubuhi, siku moja kabla ya ufunguzi. Alikuwa na mwavuli, kikapu cha ndizi, na viatu vya mpira vilivyojaa tope la njia yote kutoka ziwani. Mkurugenzi wetu, Bi Kokushubila, alimpokea kizingitini huku amepiga goti, bila kujali gauni lake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Inuka, utachafuka." Bibi akainua kichwa akalitazama jumba kutoka chini hadi juu, bila haraka. "Mbona halina madirisha? Mmejenga ghala?"

"Linapumua kwa kuta, mama," nikasema. "Weka mkono hapa."

Akaweka kiganja ukutani. Ukuta ule ni udongo uliochanganywa na mawe mepesi ya volkano yenye vitundu, na unene wake ni kama urefu wa mkono. Ulikuwa wa baridi na umelowa kidogo.

"Kumbe ni mtungi," akasema. "Unatoa jasho."

Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Mimi sikusomea ujenzi. Nilianza na majiko ya udongo, nikaenda kwenye matanuri ya matofali, kisha mabanda ya kukaushia chai, na mwisho nikakabidhiwa Jumba la Sanaa la Rungwe. Ilinichukua miaka sita kuwaeleza wahandisi wa kamati kwamba nyumba inaweza kujipoza kama mtungi unavyopoza maji, bila mashine. Bibi alilielewa kwa kuligusa mara moja.

Tukaingia. Njia ya jumba letu ni moja tu, nayo inazunguka. Huanzia ukingoni ikipanda polepole kuelekea katikati, kama mfinyanzi anavyopandisha kamba ya udongo juu ya kamba nyingine hadi akafika mdomoni. Kumbi ni saba, na kila ukumbi una mlango wa mti usio na kitasa. Mgeni hubisha hodi. Aliyetengeneza kitu kilichomo ndani huitika kwa sauti yake mwenyewe, na mlango hufunguka. Asipoitika mara tatu, mgeni huendelea na safari yake, kama anavyofanya mtu yeyote mwenye adabu. Katika hati ya kuanzisha jumba, ibara ya kwanza inasema: *Vitu hivi vina wenyewe. Sisi sote hapa ni wageni.*

Kwenye ukumbi wa tatu bibi alibisha, na sauti nzito ya mwanamume ikajibu: "Karibu, ila usikalie gogo langu."

Bibi akashtuka, kisha akacheka. "Huyu yuko wapi?"

"Alikuwa mchongaji," nikasema. "Alifariki miaka arobaini iliyopita."

"Na bado anagombea gogo!"

Tulipofika ukumbi wa saba, ulio katikati ya yote, Bi Kokushubila alitoa kitambaa mfukoni, tayari kufuta machozi. Ndani ya mlango ule kuna mtungi mmoja tu. Ulifinyangwa miaka sabini na moja iliyopita na Tumwitike wa Ikusya, kule ziwani, mama mzazi wa mgeni wetu. Wataalamu waliotoka mbali kuja kuuona waliondoka wakizungumza kwa sauti ya chini.

"Bisha, mama," nikamwambia.

"Hodi," akasema bibi.

"Karibu, mwanangu," ikaitika sauti ya mwanamke, laini, yenye lafudhi ya ufukweni. "Pita ndani, pita."

Mlango ukafunguka. Bibi hakusogea.

"Nani huyo?"

"Ni mama yako," Bi Kokushubila akasema kwa upole. "Sauti yake imetoka kwenye mtungi wake."

Bibi Atuganile akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaushika ukuta.

"Mama yangu? Mama yangu alikuwa kiziwi tangu kuzaliwa! Tulizungumza kwa mikono mchana kutwa, lakini kwa mdomo hakuwahi kusema neno. Hata jina langu." Akafuta macho kwa ncha ya kanga, na niliona kwamba si machozi yote yalikuwa ya kicheko. Kisha akasema, "Mwambieni aseme tena."

2

Chumba cha Chekeche kiko chini ya ngazi. Mwanaidi, binti wa Tanga anayeiendesha mashine hiyo ya kutoa sauti kwenye vitu, alisikiliza habari nzima akiwa amesimama, kisha akakaa kwenye ndoo iliyokuwa karibu.

"Kiziwi," akasema. "Miezi minane natafuta sauti ya kiziwi."

Nieleze Chekeche inavyofanya kazi, maana bila hilo mtu anaweza kudhani tulidanganya kwa makusudi. Mfinyanzi anapolainisha udongo mbichi kwa gunzi la mahindi, kila sauti iliyopo uani humtikisa mkono kidogo, kiasi ambacho yeye mwenyewe hakihisi. Mtikisiko huo huacha mfereji mwembamba kuliko unywele. Moto ukipita, mfereji unabaki humo; mti nao huubeba vivyo hivyo chini ya patasi ya mchongaji. Chekeche inamulika mifereji hiyo kwa mwanga, inairudisha kuwa sauti, halafu inapepeta: maneno yanabaki juu, na pumba, yaani upepo, michi na vishindo, zinaanguka chini.

Neno moja likikosekana, kanuni inaturuhusu kulijaza kwa kukisia, kama mtu anavyoziba tundu la mkeka. Idhini ya kujaza hutolewa na mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi.

Kwenye mtungi wa Tumwitike tulipata kuku, tukapata kicheko cha mtoto, hatukupata mwanamke. Mwanaidi alidhani mifereji ililika. Akapima urefu wa mkono wa mfinyanzi, pumzi katikati ya mapigo ya gunzi, na usemi wa wanawake wa ufukwe ule, na mashine ikatoa sauti. Ilikuwa nzuri. Watu kumi na wawili tuliowajaribia, tisa walilia. Nikatia saini. Hatukuziba tundu, tulisuka mkeka mzima tukauita wa zamani.

Sikuona wa kulaumu zaidi yangu, na hata mimi sikujilaumu upesi. Fomu yetu iliuliza jina, kijiji, aina ya udongo na mwaka. Hakuna aliyeuliza kuhusu masikio.

"Sasa sikilizeni," Bi Kokushubila akasema, akihesabu kwa vidole. "Kesho saa nne Waziri atasimama mbele ya mlango ule. Nyuma yake watasimama watu waliovuka bahari. Njia nzima ya jumba hili inakwenda pale. Fundi, ulilichora wewe! Sauti ikiondoka, mlango haufunguki. Tutawazungusha watu kumbi saba tuwafikishe kwenye mlango uliofungwa?"

"Tunaweza kuuacha wazi," Mwanaidi akasema.

"Tukiuacha wazi tumeingia bila kukaribishwa," nikasema. "Ndiyo ibara ya kwanza."

"Na sauti ya uongo ni ibara ya ngapi?" akauliza Mwanaidi, kwa uchungu wa mtu anayejisema mwenyewe.

Bibi Atuganile, ambaye wote tulidhani amesinzia kwenye kiti karibu na ukuta, akafungua macho.

"Msiifute," akasema.

Tukageuka.

"Najua si yake. Sijawa mjinga kwa kuzeeka. Lakini nina miaka sabini na minane, na leo ndiyo mara ya kwanza sauti ya mwanamke wa kwetu kuniita mwanangu mbele ya mtungi wa mama. Mnaona ubaya gani? Waziri hajui. Wazungu hawajui. Mimi ninayejua nimekubali. Iacheni."

Bi Kokushubila akanitazama. Uso wake ulisema: mwenye mama amesema, umebakiwa na nini?

Mimi ni mtu wa polepole, na walionizoea huniacha niwaze. Niliwaza kwamba kama ningekuwa mwanawe ningetaka hivyohivyo. Niliwaza pia juu ya watoto wa shule watakaopita mlangoni pale miaka hamsini ijayo, miongoni mwao wakiwemo viziwi, wakifundishwa kwamba mfinyanzi mkubwa kuliko wote wa nyanda hizi alikuwa na sauti laini.

"Mama," nikasema, "sauti nitakupa. Ni yako, nenda nayo nyumbani, na juu yake nitaandika kwamba ni ya kukisia. Mlangoni haitakaa."

"Hata mlango ukibaki umefungwa?"

"Hata ukibaki umefungwa."

"Mbele ya Waziri?"

"Mbele ya Waziri."

"Fundi!" akasema Bi Kokushubila.

"Saini ilikuwa yangu, Mkurugenzi. Naiondoa. Ukitaka kumweka mwingine wa kutia saini, nitamkabidhi kalamu leo hii, bila kinyongo."

Bibi ndiye aliyejibu, na alijibu kwa hasira.

"Ndiyo maana kuta zako nene, baba. Umefanana nazo. Basi bisheni! Bisheni hodi mpaka muote mvi. Hodi ya mdomo mama hakuijua!"

"Mlikuwa mnabishaje?" nikauliza.

"Unauliza leo?"

"Nimechelewa, mama. Naomba radhi. Mlikuwa mnabishaje?"

Akanitazama kitambo. Kisha akajiinua, akavua kiatu kimoja cha mpira, akapiga kisigino sakafuni mara tatu. Vikombe vya chai vilivyokuwa mezani vikagonga visahani.

"Hivyo. Ardhi ndiyo ilikuwa sikio lake. Ungeweza kumpigia kelele mgongoni asigeuke, lakini ukikanyaga nje ya ua alijua ni nani, na kama umebeba mzigo."

"Na yeye aliitikaje?"

"Mikono ina udongo, ataitika kwa kitu gani? Kwa kisigino. Akipiga mara mbili, njoo. Akipiga mara moja, ngoja." Akavaa kiatu. "Na alipokuwa kazini ilikuwa mara moja, mara moja, mara moja, siku nzima. Sasa nipelekeni nikale."

Bi Kokushubila akamshika mkono, wakatoka. Mlango ulipofungwa, Mwanaidi alikuwa bado ametazama vikombe.

"Fundi," akasema. "Vishindo."

"Ndiyo."

"Vishindo ni pumba."

Kwangu pumba hazitupwi. Ni mazoea ya mtu aliyejifunza peke yake: hajui kesho atahitaji nini, kwa hiyo anaweka kila kitu. Mwanaidi aliniita mchoyo kwa sababu hiyo mwaka mzima. Sasa akafungua ghala la pumba za mtungi ule, akageuza Chekeche itupe maneno na kubakisha kilichoanguka.

Tukasikia mchi mbali. Tukasikia gunzi likipita juu ya udongo, refu na la taratibu, kama mtu anayefagia uwanja. Halafu vishindo vitatu vyepesi, vya haraka, vya miguu midogo. Halafu kimoja kizito, kilicho karibu sana na mtungi.

Gunzi likaendelea. Tulihesabu mapigo kumi na moja. Kisha kisigino kizito tena, mara mbili.

Mwanaidi akaweka mkono mdomoni.

"Ngoja," akasema. "Halafu, njoo."

3

Kulikuwa na tatizo moja, nalo nililijenga mwenyewe.

Nilipokuwa naweka sakafu ya ukumbi wa saba, niliogopa hatua za wageni zisije zikautikisa mtungi. Chini ya udongo ulioshindiliwa nikamwaga changarawe ya volkano, kina cha dhiraa moja, kuanzia ndani hadi nje ya mlango. Changarawe ile humeza kila kishindo. Fundi mwenzangu mmoja alinisifu akasema unaweza kucheza ngoma pale na yai lisivunjike. Kwa hiyo jumba lililojengwa ili kumsikiliza Tumwitike lilikuwa na sehemu moja isiyopitisha kishindo, na sehemu hiyo ilikuwa mlangoni pake.

Nikawaita washindiliaji, wanawake kumi na wanne walionijengea sakafu zote. Kiongozi wao, Mama Bupe, aliutazama mchoro wangu.

"Tulishindilia wiki tatu hapa, Fundi. Sasa unasema tufukue?"

"Hatua tatu kwa tatu tu, hapa nje ya mlango. Ndani pabaki, mtungi ukae salama."

"Na kesho wageni wakanyage tope?"

"Njia za hewa za ukutani zinapita chini ya hapa. Nitaelekeza joto lote la jumba kwenye eneo hili. Udongo ukiwa mwembamba utakauka kabla ya jua kuzama."

"Ukikauka kwa haraka utapasuka."

"Ndiyo maana nimekuita wewe."

Akacheka, akafunga kanga kiunoni. Kufikia saa saba changarawe yote ilikuwa imetoka. Nikatandika mianzi, pingili kwa pingili, ikielea juu ya mawe manne ya pembeni kama ngozi juu ya ngoma, na chini yake nikafunga kifaa kidogo chenye nyundo ya mti, kile tunachotumia kujaribu nguvu za nguzo. Mwanaidi alikiunganisha na Chekeche. Vishindo vya mgeni vingepokewa na mianzi. Jibu la mfinyanzi lingerudi kwa nyundo ileile, kwa uzito uleule uliosomwa kwenye udongo wake. Hatukujaza chochote.

Wanawake walipoanza kushindilia udongo wa juu, Bi Kokushubila alirudi. Alimsikiliza Mwanaidi, akasikiliza pumba kwa masikio yake, mara mbili. Kisha akavua viatu vyake vya kisigino kirefu, akaviweka ukutani vikiwa vimepangana, akaingia kwenye mstari.

"Lo!" akasema Mwanaidi. "Mhaya anashindilia sakafu. Nani atawapelekea habari Bukoba?"

"Wewe wapelekee Tanga habari kwamba mashine yenu ilitupa miguu ya mfinyanzi," akajibu, akipiga mguu. "Mama Bupe, nafanya sawasawa?"

"Unakanyaga kama unaogopa kuiumiza ardhi, Mkurugenzi. Kanyaga!"

Saa kumi na moja Mwanaidi alinivuta pembeni.

"Kuna hili la mapigo kumi na moja. Kati ya 'ngoja' na 'njoo' ni dakika moja na nusu. Mlango umefungwa, Waziri amesimama, hakuna kinachosemwa. Naweza kulifupisha hadi mapigo matatu."

"Yeye alifupisha?"

Akatikisa kichwa.

"Na bibi?" akauliza. "Tumwambie leo tulichokisikia?"

Nilitaka kumwambia. Nilifika hadi mlango wa nyumba ya wageni. Lakini jibu lile lilikuwa limeitwa na mtu aliyebisha kwa miguu midogo, na sikuwa na uhakika ni nani, na aliyekuwa na uhakika alikuwa mmoja tu duniani. Nikaona si kazi yangu kumwambia kabla mama yake hajamwambia.

4

Alhamisi kulinyesha, kama kawaida ya Rungwe, na kuta zikanywa mvua taratibu. Nilimkabidhi bibi kijaluba chenye ile sauti. Akasoma nilichoandika juu yake, *ya kukisia*, akakitupia kikapuni bila kunishukuru.

Wageni walipanda njia wakibisha hodi mlango kwa mlango. Mchongaji aligombea gogo lake, wakacheka. Saa nne na dakika chache Waziri, mwanamume mrefu mwenye sauti ya mikutano, alifika mbele ya mlango wa saba akapaza sauti:

"Hodi!"

Mlango haukusogea. Akabisha mara ya pili. Akabisha ya tatu, akamgeukia mkurugenzi.

"Mheshimiwa," Bi Kokushubila akasema, na hakuonyesha dalili yoyote ya hofu, "hatukujua. Sasa tunajua. Tumwitike wa Ikusya alikuwa kiziwi, na hodi ya mdomo haimfikii. Tunamwomba binti yake atubishie."

Watu wakapisha. Bibi Atuganile akanitazama mimi kwanza, kwa mashaka, kama anayeuliza kama nitamwaibisha. Nikamwonyesha sakafu mpya. Aliitazama, akagusa udongo kwa ncha ya kidole cha mguu, akavua viatu vyote viwili.

Akapiga kisigino mara tatu.

Kutoka chini likaja pigo moja. Halikuwa na sauti kubwa. Lilipanda miguuni, likafika magotini. Waziri alitazama chini. Bibi hakutazama popote. Mkono wake ulikuwa umeganda hewani.

"Mara moja," akasema.

Kisha gunzi likaanza kupita, refu na la taratibu, nalo tulilisikia kwa nyayo.

"Mtungi huo niliuona ukifinyangwa," akasema polepole. "Nilikuwa na miaka saba. Nilikuwa nimetoka shule, nina njaa. Nilibisha pale kwenye mgomba." Akanishika mkono wa shati. "Fundi. Yule aliyebisha mara ya kwanza, humo kwenye udongo. Miguu yake ilikuwaje?"

"Midogo," nikasema. "Na ina haraka."

Akatikisa kichwa kukubali, mara nyingi, kama mtu anayehesabu kitu na kukikuta kimetimia.

Mapigo yakaendelea. La nne. La tano. Nyuma yetu watu walianza kunong'ona, na afisa mmoja akamwinamia Bi Kokushubila kuuliza kama mlango umekwama.

"Mlango ni mzima," bibi akajibu, bila kugeuka. "Mama ana udongo mikononi."

La sita. La saba.

"Ile sauti yenu," akaninong'oneza, "ilinikaribisha upesi mno. Nilijua tu."

Akapanga miguu yake vizuri juu ya udongo, visigino pamoja, akashika mikono mbele kama mtoto aliyefunzwa, akangoja. Waziri naye, baada ya kumtazama, akavua viatu.